Kununua laptopu ya chuo kwa hela ndogo bila kupigwa

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, mwezi wa kumi, maswali yanayonijia ni yale yale. "Nina laki sita, nichukue ipi?" "Kuna Core i7 ya laki nne na nusu, niikimbilie?" "HP na Dell, ipi ngumu?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa anayeingia chuo hapa Tanzania, hela yake ni ya boom (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) au ya mzazi aliyejinyima, na hana uwezo wa kununua mara mbili.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusipotezeane muda: kama bajeti yako haifiki milioni moja, achana na laptopu mpya ya bei rahisi. Chukua iliyotumika, lakini iwe ya daraja la ofisi: ThinkPad ya Lenovo, EliteBook ya HP, Latitude ya Dell. Mpya za bei ya chini mara nyingi zina prosesa (ubongo wa mashine) dhaifu ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya polepole ya eMMC ya GB 64. Windows peke yake inakula sehemu kubwa ya hizo GB 64, na hakuna fundi atakayekuongezea RAM. Unanunua boksi jipya na stika zinazong'aa, ukifika mwaka wa pili kufungua Word ni kusubiri.

Laptopu ya ofisi ilitengenezwa ibebwe kila siku kwa miaka. Kampuni za Ulaya na Marekani huzibadilisha zikiwa bado nzima, zikauzwa kwa jumla, na nyingine zinaishia Kariakoo. Ganda limechubuka, ndani mzima.

Uwe na hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Kiasi kamili ulichonacho, na kiasi utakachokitaja dukani. Visiwe sawa.
- Orodha ya programu ambazo kozi yako inatumia.
- Simu yenye bando la kutosha, uirushie laptopu hotspot wakati wa kupima.
- Flashi, na spika za masikioni zenye maiki.
- Nusu siku isiyo na haraka. Nenda asubuhi. Jioni duka likikaribia kufungwa, hata wewe utaanza kukagua kwa kulipua.
- Rafiki mmoja, hata kama hajui kompyuta. Kazi yake ni kusema "twende kwanza tukafikirie".

Hatua ya 1: Igawe hela yako

Chukulia una Sh700,000. Ya kununulia mashine iwe Sh580,000 hivi. Inayobaki ni ya begi lenye sponji, mausi na kitu kimoja ambacho lazima kitajitokeza: chaja, betri au kuongeza RAM. Wengi wanamaliza yote dukani, wiki mbili baadaye chaja inakufa na laptopu inageuka trei ya kulia chakula.

Hatua ya 2: Jua kozi yako inataka nini

Sheria, elimu, lugha, utawala, maendeleo ya jamii: kazi yako ni Word, PDF nyingi, intaneti na vipindi vya Zoom. RAM ya GB 8 na SSD (diski ya kasi) ya GB 256 zinatosha mpaka uhitimu.

Uhasibu, takwimu, uchumi: ongeza Excel nzito na programu za takwimu, SPSS au Stata. GB 8 zinafaa bado, ila hakikisha laptopu inaweza kuongezewa RAM.

Sayansi ya kompyuta: ukifika kwenye Android Studio, programu ya kutengenezea app za simu, GB 8 zinaanza kulia. Lenga 16, au nunua yenye 8 na nafasi moja ya RAM iliyo wazi.

Uhandisi na usanifu majengo ndiko pagumu. AutoCAD ya michoro bapa itaenda kwenye mashine ya kawaida yenye GB 16. Revit na michoro ya 3D inataka kadi ya grafiki ya peke yake, na hapo bajeti ndogo inabana kweli. Ushauri wangu: tafuta wa mwaka wa pili wa kozi hiyo hiyo, chuo hicho hicho, umuulize programu nzito zinaanza muhula gani. Mara nyingi si mwaka wa kwanza, na maabara ya kompyuta ya chuo ipo. Nunua ya kawaida sasa, ujipange.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma jina la prosesa

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

"Core i7" haikuambii chochote mpaka ujue ni ya kizazi gani. Tazama namba inayofuata kistari. Kwenye i5-8250U, tarakimu ya kwanza ni 8, basi ni kizazi cha 8. Kwenye i7-4600U ni kizazi cha 4. Ikianza na 10 au 11, kama i5-10210U au i5-1135G7, ni kizazi cha 10 au cha 11.

Sasa zilinganishe. Ile i7-4600U ni ya mwaka 2013 na ina kori 2 (kori ni kitengo cha kazi ndani ya prosesa). Ile i5-8250U ni ya 2017 na ina kori 4. Yenye jina dogo inaiacha mbali yenye jina kubwa. Hata i7-7500U ya kizazi cha 7 bado ina kori 2 tu. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni i7, kaka, hii ni moto", muulize: namba kamili?

Mstari wangu ni kizazi cha 8 kwenda juu, na sababu si kasi tu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Wapo mafundi wanaoilazimisha kwenye mashine za zamani ikakubali. Utakuja kusumbuka na masasisho, na bei ya mashine hiyo unapotaka kuiuza itakuwa imeshaporomoka.

Kwa prosesa za AMD, tafuta Ryzen inayoanzia 3000 kwenda juu uwe salama. Majina ya AMD ya kabla ya Ryzen, yale A4, A6 na E2, yapite kama hujayaona.

Hatua ya 4: Ingia mjini na majina matatu mkononi

Ukiingia dukani na kuuliza "kuna laptopu nzuri?", utauziwa iliyokaa sana. Ingia ukiulizia modeli:

- HP EliteBook 840 G5. Ina nafasi mbili za RAM. Zingatia hiyo G: G3 ni kizazi cha 6, G4 ni cha 7, na kwa nje mtu asiyezoea anaweza kuzichanganya.
- Lenovo ThinkPad T480. Nafasi mbili za RAM, kibodi tamu kuliko zote hapa, na betri mbili: moja ndani, moja ya kuchomoa nyuma. T480s ni nyembamba zaidi lakini sehemu ya RAM yake imechomelewa.
- Dell Latitude 7490 au 5490. Zipo zenye kizazi cha 7 na zenye cha 8 kwa jina lile lile la modeli, kwa hiyo jina halitoshi.

Epuka Chromebook, laptopu isiyotumia Windows, hata ikiwa ya bei ya kutupa, kwa sababu SPSS na QuickBooks (ya uhasibu) ya kusakinisha hazitakaa humo. MacBook Air za 2015 hadi 2017 zinapendeza, najua. Lakini macOS (mfumo wake) ya mwisho zinayokubali rasmi ni Monterey, toleo la zamani, na RAM uliyoikuta ndiyo hiyo hiyo milele. ThinkPad X1 Carbon nayo ni nyepesi ajabu, lakini RAM yake pia haiongezwi. Ukiipata yenye 16 tayari, sawa.

Hatua ya 5: Chagua pa kununulia

Nunua kwenye duka lenye mlango, ambalo kesho utalikuta. Kariakoo utakutana na mawinga (madalali wa mtaani) kabla hata hujavuka barabara. Winga si mwizi, ni mtu anayetafuta riziki, ila cha juu chake kitatoka mfukoni mwako. Mwambie kwa heshima, "Asante kaka, kuna duka naelekea," kisha endelea kutembea. Ukimfuata, bei ya dukani inabadilika kabla hujaketi.

Tembelea maduka matatu au manne bila kununua. Piga picha bei na modeli.

Kama uko Mbeya au Mwanza na unaletewa kwa basi kutoka Dar, usitume hela kwa ukurasa wa mtandaoni ambao huna mtu wa kwenda kuugongea mlango. Tafuta ndugu aliyeko Dar, mtumie mwongozo huu, apime mwenyewe ukiwa kwenye simu ya video. Ukikosa mtu, nunua mjini kwako hata kama ni ghali kidogo. Nauli ya kurudisha mashine mbovu, na mabishano yake, ni zaidi ya hiyo tofauti.

Ya mitaani yenye bei ya kushangaza, isiyo na chaja, mwenyewe anaitoa kwenye begi huku anaangalia nyuma? Hiyo imeibwa. Polisi wakiikuta kwako, maelezo utayatoa wewe.

Hatua ya 6: Ikague ikiwa imezimwa

Ifunue taratibu. Bawaba zisilie wala kulegea. Kioo kibaki pale unapokiacha. Ipindue: skrubu zote za chini zipo? Vichwa vya skrubu vilivyolika vinaonyesha imefunguliwa mara nyingi. Iweke juu ya kioo cha meza na ubonyeze kona. Ikicheza, na sehemu ya chini ikionekana imetuna, betri imevimba. Weka chini, omba nyingine.

Mikwaruzo isikuumize kichwa. Iombee punguzo.

Hatua ya 7: Iwashe, uipime mwenyewe

Usipimiwe. Muuzaji anayefungua kila kitu kwa kasi anaonyesha sinema. Omba kiti.

Kwanza, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, kisha nenda Performance. Hapo unaona jina kamili la prosesa, RAM ni ngapi na imekaa kwenye nafasi ngapi, na diski ni SSD au HDD (ile ya zamani inayozunguka). Stika ya nje hubandikwa na kubanduliwa, amini hapa.

Pili, betri. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, bonyeza Enter, kisha andika `powercfg /batteryreport`. Itakuonyesha faili limehifadhiwa wapi, lifungue. Tafuta mistari miwili: Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ni uwezo betri iliotoka nao kiwandani, ya pili ni uliobaki leo. Ukikuta 50,000 na 32,500, imebaki asilimia 65. Chini ya 60, dai punguzo la bei ya betri mpya au betri nyingine. Kwenye T480 ripoti itaonyesha betri mbili, soma zote. Halafu usiiamini ripoti peke yake: chomoa chaja, weka video icheze wakati unaendelea kupima mengine. Ikishuka kwa zaidi ya asilimia 15 ndani ya dakika 20, hiyo betri haifiki hata mapumziko ya saa sita.

Tatu, kioo. Fungua ukurasa mtupu wa Word, ukuze ujae kote. Doa jeusi, mstari au kivuli cha njano pembeni huonekana hapo. Kisha bofya kulia kwenye uso wa skrini, Display settings, uone Resolution. Unataka 1920 × 1080. Laptopu nyingi za ofisi zilitoka pia na 1366 × 768, na muuzaji hatakwambia. Ukisoma PDF za kurasa mbili utaijua tofauti.

Nne, kibodi. Fungua Notepad, bonyeza kila kitufe, kila kimoja. Vinavyokufa kwanza mara nyingi ni vile vinavyotumika sana, na kubadilisha kibodi si kazi ya bure.

Tano, matundu. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Chomeka spika. Piga simu ya video kwa rafiki kwa hotspot yako: hapo umepima Wi-Fi, kamera, maiki na spika kwa mkupuo mmoja. Kwenye T480 kuna jambo la ziada: inachajiwa kwa USB-C tu, haina tundu la duara, na ina matundu mawili ya hiyo USB-C. Jaribu chaja kwenye yote mawili. Hayo yakifa, mashine haichaji tena.

Hatua ya 8: Tafuta kufuli zilizofichwa

Hatua hii wanairuka karibu wote, na ndiyo inayoliza watu baadaye.

Izime, uiwashe huku unagonga F1 kwa Lenovo, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Hiyo ni BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine kabla ya Windows kuwaka. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Ikifunguka, tafuta namba ya utambulisho ya mashine, ile Serial Number, uilinganishe na iliyobandikwa chini. Zikitofautiana, uliza kwa nini, na jibu likuridhishe kweli.

Kufuli ya pili ni ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Baadhi ya mashine za ofisi zimesajiliwa kwa mwajiri. Ukiirudisha upya (kufuta kila kitu ianze kama mpya) na kuiunganisha intaneti, inatokea skrini yenye jina la kampuni ya huko ng'ambo ikidai barua pepe ya kazini. Hapo huna ujanja wa kudumu. Dukani, fungua Settings, Accounts, kisha Access work or school: pasiwe na akaunti ya mtu. Hilo halimalizi yote. Kipimo chenyewe kitakuja Hatua ya 10, kwa hiyo lazima uwe na siku za kuirudisha dukani.

Hatua ya 9: Bei, risiti, waranti

Taja kasoro ulizoziona kwa utulivu, moja moja, kisha nyamaza. Ukimya unapunguza bei kuliko kelele. Ikigoma kushuka, omba vitu: RAM ya ziada, begi, mausi.

Risiti iwe ya EFD, na iandikwe modeli na Serial Number. Waranti iandikwe, si "tutaelewana". Uliza swali moja la wazi: nikirudi ndani ya wiki moja na tatizo lisilo la kuangusha, unanirudishia hela, unanibadilishia, au unanitengenezea? Jibu liandikwe nyuma ya risiti. Lipa kwa Lipa Namba ya duka, na uhakikishe jina linalotokea kwenye simu ni la duka lile, ushahidi ubaki.

Chaja unayopewa iwe na wati zinazotakiwa na plagi ya miguu mitatu inayoingia kwenye soketi zetu. Mashine zinazotoka Marekani huja na plagi ya vibapa. Kinachobadilishwa ni waya tu, maana chaja nyingi zimeandikwa 100-240V.

Hatua ya 10: Siku ya kwanza nyumbani

Irudishe upya siku hiyo hiyo: Settings, System, Recovery, Reset this PC, chagua kufuta kila kitu. Ikianza kuuliza maswali, iunganishe na intaneti. Isipotaja kampuni yoyote, umepona. Unaondoa pia programu za wizi walizopakia dukani, ambazo ndizo zinazoleta virusi.

Ingia kwa akaunti yako, kisha weka hotspot ya simu kuwa Metered connection (mpangilio wa kubana data), la sivyo masasisho yatakula bando la mwezi kabla ya chakula cha usiku. Uliza chuoni kama barua pepe ya chuo inakupa Microsoft 365 ya bure. Kama haitoi, LibreOffice ni bure na inafungua faili za Word. Kazi zako ziwe OneDrive au Google Drive, na nakala kwenye flashi. Piga picha risiti na Serial Number, jitumie kwenye barua pepe. Ukiibiwa hosteli, ndivyo utakavyokwenda navyo polisi.

Ikileta shida

*Inajivuta mno.* Fungua Task Manager. Disk ikisimama kwenye 100% kwa muda mrefu na ni HDD, weka SSD. Hakuna dawa nyingine yenye nguvu kama hiyo kwa hela hiyo. Mpelekee fundi aifungue kabla hujanunua, maana SSD za umbo la M.2 zipo za aina mbili, SATA na NVMe, zinafanana na si kila mashine inakubali zote mbili. Kama kinachojaa ni Memory, ongeza RAM.

*Inapata moto, feni inavuma.* Usiitumie juu ya godoro. Ikiendelea, vumbi limejaa. Fundi aisafishe na kubadilisha pasta ya prosesa.

*Windows inasema haijaamilishwa.* Mashine nyingi za ofisi zina leseni yake ndani ya bodi. Mara nyingi tatizo ni fundi kuweka toleo tofauti na la asili. Sakinisha upya toleo lililokuja nayo, unganisha intaneti, mara nyingi inajiamilisha. Usinunue "ki" (namba ya kuamilishia) ya elfu kumi.

*Dell inalalamika haitambui chaja.* Chaja ni feki, au pini ya katikati imepinda. Jaribu ya mwenzako kabla ya kulaumu bodi.

*Umeme unakatika na kurudi.* Tumia ekstensheni yenye kinga, na umeme ukikatika chomoa chaja mpaka utulie.

*Tachipedi imeinuka, au kibodi imetuna katikati.* Betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiiache chumbani usiku. Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo.